Rudisha Masega ya Subaru Yako: Kazi Unayoweza Kuifanya Nyumbani Naitiri

Ukiwa sokoni Naitiri utaisikia Subaru Impreza ikija kutoka upande wa Misikhu kabla hujaiona. Vijana husema ule mlio mzito ndio nguvu yenyewe. Mara nyingi ni mlio wa bomba tupu: masega ya ekzosi, yaani katalitiki konveta, yameng'olewa, na moshi wa injini unatoka mbichi kama ulivyozaliwa kwenye silinda.

Gari hilo liliposhuka melini Mombasa, masega yalikuwamo. Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa na zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Impreza nyingi hufika hapa zikiwa na umri ambao masega bado yana maisha marefu mbele. Hupotelea huku huku. Gari linaanza kuwa zito kupanda mlima, taa ya injini inawaka, fundi anasema, "Yameziba haya, tuyatoe gari lipumue." Nimesimama kando nikitazama kazi hiyo ikifanywa. Ekzosi inashushwa, kasha linapasuliwa kwa grainda, nondo inapigwa ndani mpaka vipande vya kijivu vinamwagika juu ya gunia, kisha kasha linachomelewa likiwa tupu na kurudishwa mahali pake. Ukichungulia chini ya gari huoni tofauti yoyote. Lakini gunia lile halitupwi. Vipande vile vimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na mnunuzi wa skrapu huvipima kwa kilo. Mwenye gari amelipia kazi ya kuibiwa.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuyarudisha. Ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye spana, stendi imara na subira, na sehemu moja tu ya kuchomelea ndiyo utakayompelekea welda.

Kwanza elewa unachokinunua. Ndani ya kasha la chuma kuna gogo la keramiki lenye vijitundu vya pembe nne, kwa kawaida 400 katika kila inchi moja ya mraba. Moshi wa petroli unapopita humo ukiwa na joto la kutosha, kuanzia nyuzi 300 hivi za selsiasi, monoksidi ya kaboni hugeuka kuwa kaboni dioksidi, mvuke wa petroli ambayo haikuungua hugeuka kuwa maji na kaboni dioksidi, na oksidi za nitrojeni huvunjwa kuwa nitrojeni ya kawaida. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na ndiyo inayoua watu waliojifungia chumbani na jiko la makaa. Gari lako likinguruma uani asubuhi wakati watoto wakijiandaa kwenda shule, wao ndio wa kwanza kuivuta.

Wapo wanaosema masega hayafai kwa mafuta ya Afrika. Hilo lilikuwa kweli zamani. Petroli yenye risasi huyafunika madini yale yakafa kabisa, na ndiyo sababu Marekani ilipoanza kuyaweka kwenye magari ya mwaka 1975 ilibidi petroli isiyo na risasi ianze kuuzwa pia. Kenya iliachana na petroli ya risasi kufikia mwisho wa 2005. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021, na mwezi uliofuata shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, likatangaza kwamba petroli hiyo imekwisha kwa matumizi ya magari. Kisingizio hicho kimepitwa na wakati.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo watu wengi hutupa pesa. Masega mara chache hufa yenyewe. Huuawa na injini. Ukifunga mapya juu ya injini gonjwa, mapya nayo yatakufa, pengine kabla ya mavuno.

Muuaji wa kwanza ni kumisi. Plagi moja au koili moja ikishindwa kuwasha, petroli mbichi husukumwa mpaka kwenye ekzosi na kuunguia ndani ya masega. Joto likizidi mno, keramiki huyeyuka na kuziba kama ukuta. Kwa hiyo kama Subaru yako inatetemeka ikiwa imesimama, au taa ya injini inapepesa badala ya kuwaka tu, usiguse ekzosi kwanza. Toa plagi zote nne uzitazame. Kwenye injini ya Subaru silinda zimelala pembeni, plagi zinakaa karibu na chesesi, na mafundi wavivu huruka zile mbili ngumu kufikiwa. Wewe usiruke. Plagi ya rangi ya kahawia nyepesi ni nzima, nyeusi kavu inasema petroli inazidi hewa, na nyeusi yenye mafuta inasema oili inaingia.

Muuaji wa pili ni oili yenyewe. Ikiwa unaongeza oili mara kwa mara na hakuna tone linalodondoka chini, inaungua: ama kwa ringi zilizochoka, ama kwa sili za turbo. Moshi wa bluu unapoachia mafuta na kukanyaga tena ni dalili. Wa tatu ni kulanti inayopenya kwenye gasketi ya silinda hedi, ugonjwa ambao Subaru za injini ya lita 2.5 zinajulikana nao. Rekebisha haya kwanza, hata kama itabidi masega yasubiri msimu mzima. Bei ya ringi ni chungu, lakini bei ya ringi pamoja na masega mawili ni chungu zaidi.

Wa nne ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwezi Septemba 2018 ili kuvunja biashara hiyo, lakini petroli ya mitungi na chupa za kando ya barabara bado hakuna anayeipima. Injini ya turbo hainywi kila kitu. Jaza kwenye kituo chenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, na weka risiti.

Kama gari lako bado lina masega na unashuku yameziba, yapime kabla ya kuyahukumu. Ekzosi ikiwa baridi, gonga kasha kwa nyundo ya mpira. Likicheza ndani kama kokoto kwenye kopo, keramiki imevunjika. Kipimo cha uhakika zaidi ni hiki: fungua sensa ya oksijeni ya mbele, weka geji ya shinikizo kwenye tundu lake, washa injini. Ikiwa imetulia, geji isizidi psi 1.5 hivi. Ukiipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika isipite psi 3. Ikizidi hapo, moshi unakosa njia. Ikiwa chini ya hapo, gari lako zito lina ugonjwa mwingine, nawe umeokoa pesa nyingi. Masega mazima hayanyimi gari nguvu ya kuhisika barabarani, na yeyote anayekuambia kuyatoa kutaokoa mafuta akuonyeshe kwa hesabu ya lita.

Tuje kwenye ununuzi. Kitale na Bungoma utapata vipuri vya kawaida, lakini kwa kasha la masega la Impreza ya turbo huenda ukaagiza kutoka Nairobi na kuletewa kwa gari la vifurushi. Kuna aina tatu. Original ni ghali mno. Lililotumika kutoka Japani linaweza kuwa zuri au likawa limechoka, na kwa macho tu huwezi kujua. Jipya la kampuni nyingine ndilo linalowafaa wengi, na hilo lenyewe liko namna mbili: lenye flenji na umbo la gari lako, au la jumla, kasha lenye mdomo mtupu kila upande ambalo hukatwa na kuchomelewa kwenye bomba lako. Pesa zikitosha, nunua la kwanza. La jumla linafanya kazi vizuri likipimwa sawasawa.

Kabla ya kulipa, uliza mambo haya. Limetengenezwa kwa injini ya ukubwa gani? Kasha la injini ya lita 1.3 halitamudu lita 2.0 yenye turbo. Kipenyo cha mdomo ni kipi, na ni kipimo cha ndani au cha nje? Pima bomba lako kwa kalipa, si kwa kukadiria. Je, lina tundu la sensa, na linatazama upande gani? Kisha omba kulishika mkononi, mulika tochi upande mmoja uchungulie upande wa pili. Lazima uone vijitundu vilivyonyooka, safi, visivyovunjika pembeni, na gogo lisilocheza hata ukilitikisa. Kasha jepesi kama kopo la rangi liache dukani. Fahamu pia kwamba haya ya kampuni nyingine huwa na madini kidogo kuliko ya original, hivyo maisha yake ni mafupi zaidi. Dai dhamana ya maandishi.

Neno moja kwa wenye turbo. Baadhi ya Impreza zina sega dogo kabla ya turbo, kwenye bomba linalopanda kutoka chini ya injini, mbali na lile kubwa lililo baada ya turbo. Hapo juu usifunge kitu cha bei rahisi kamwe. Kipande kimoja cha keramiki kikikatika mahali hapo kinaingia moja kwa moja kwenye feni ya turbo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Masega mbadala yakae baada ya turbo.

Siku ya kazi, chagua mahali pagumu na tambarare. Uani kwetu ni udongo mwekundu, na mvua ikishanyesha jeki huzama kimya kimya. Weka mbao nene, pana kuliko kitako cha stendi, chini ya kila stendi. Zuia magurudumu yaliyo chini, vuta handbreki, nyanyua, shusha gari juu ya stendi, kisha litikise kwa nguvu kabla hujaingia chini. Mawe na matofali si stendi. Tofali la kuchoma hupasuka bila onyo, na gari hili lina uzito wa zaidi ya tani moja. Usifanye kazi peke yako nyumbani. Awepo mtu mzima wa karibu anayejua jeki ilipo.

Ekzosi iwe baridi kabisa, ikiwezekana gari lilale usiku kucha. Jioni hiyo hiyo nyunyizia boliti na nati zote mafuta ya kulainisha kutu, urudie asubuhi. Matope ya Naitiri yakikaukia kwenye boliti hugeuka saruji, kwa hiyo kwanza pita na brashi ya waya mpaka uone thredi. Vaa miwani, kwa sababu kila kitu utakachogusa kitakudondokea usoni. Vaa barakoa pia ikiwa keramiki imevunjika. Vumbi lake na nyuzi za mkeka unaolizunguka si vya kuvutwa.

Chomoa waya wa hasi wa betri. Fuata nyaya za sensa mpaka kwenye soketi zake, uzichomoe kwa kubonyeza kibano, si kwa kuvuta waya. Zifungue sensa zenyewe kwa spana ya 22 au soketi yake maalumu yenye mkato. Ikikataa, usiivunje. Rudisha betri, washa injini kwa dakika mbili tatu nje mahali pa wazi ili chuma kitanuke, zima, chomoa tena betri, kisha jaribu ukiwa na glovu nene. Baadhi ya Impreza za miaka ya 90 zina sensa moja tu. Za baadaye zina ya mbele na ya nyuma. Ziwekee alama, maana hazibadilishani.

Anza kufungua kutoka nyuma kuja mbele. Nati nyingi za ekzosi ya Subaru ni za spana 14. Kwenye mojawapo ya viungo utakuta boliti zenye springi na gasketi ya duara. Tunza springi hizo, na ununue gasketi mpya. Bomba likibaki limening'inia kwenye raba, zipake raba hizo maji ya sabuni, litateleza. Boliti ikikatika, ikatike. Za ekzosi ni za bei ndogo, na kuikata kwa grainda ni afadhali kuliko kupindisha flenji. Lakini grainda iwe mbali na paipu ya petroli na tangi, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Ukiwa na kasha lenye flenji, kazi iliyobaki ni kulipandisha. Ukiwa na la jumla, laza bomba la zamani na kasha jipya chini sambamba, upime mara mbili. Kasha jipya likae mahali pale pale pa la zamani. Watu hulisogeza nyuma chini ya viti ili kurahisisha uchomeleaji, na kule nyuma moshi umekwisha poa, masega hayapati joto la kufanya kazi. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu, kwa safari fupi ya kwenda sokoni na kurudi, kasha la namna hiyo halitaamka kabisa. Utakuwa umebeba chuma bure.

Tazama mshale uliochongwa kwenye ganda: uelekee nyuma, moshi unakokwenda. Sensa ya mbele ibaki kabla ya masega, ya nyuma baada yake. Tia alama kwa chaki, likiwa limeelekezwa vile litakavyokaa garini, kisha beba bomba lote umpelekee welda. Usichomelee likiwa chini ya gari. Kuna tangi la petroli pale, na umeme wa kuchomelea ukipita kwenye bodi unaweza kuunguza kompyuta ya gari. Toa sensa zote kwenye bomba kabla hajaanza. Mwambie azungushe weldi nzima bila kuacha tundu, na asipashe moto kasha lenyewe, mdomo tu. Klampu pia hushika, na kwa gari la lami tupu zingetosha. Kwa barabara zetu za ndani, weldi.

Wakati wa kurudisha, gasketi zote ziwe mpya. Usipake silikoni ya kawaida karibu na ekzosi, kwani mvuke wake huua sensa za oksijeni. Paka thredi za sensa grisi ya shaba kidogo sana, na ncha yake isiguswe hata na kidole chenye mafuta. Sensa mpya nyingi huja zimeshapakwa. Zianzishe kwa vidole mpaka ziingie kabisa, ndipo ulete spana. Boliti zote zishike kwa mkono kwanza, sawazisha bomba lisiguse bodi wala shafti, kisha kaza ukianzia mbele kwenda nyuma. Rudisha ngao ya joto. Mafundi wengi huiacha pembeni kwa sababu inapiga kelele. Wewe ifunge kwa nati mpya.

Gari likiwa bado juu, washa injini na uizime mara moja ukisikia mlio wa tofauti. Kama ni kimya, acha ingurume, kisha pitisha fimbo yenye kitambaa kilicholowa maji ya sabuni kwenye kila kiungo, au mwagia maji ya sabuni kwa chupa ya kunyunyizia kabla bomba halijachemka. Povu ni uvujaji. Tundu dogo kabla ya sensa ya mbele huingiza hewa, kompyuta ikadhani petroli ni kidogo, ikaongeza, na masega yako mapya yakaanza kuungua siku ya kwanza.

Moshi mwepesi na harufu ya kuungua kwa dakika chache ni mafuta ya kiwandani, usiogope. Mkeka unaoshika keramiki unahitaji joto la taratibu ili utanuke. Kwa hiyo acha gari lingurume mpaka injini ifikie joto lake, liendeshe polepole dakika 20 hivi bila kukanyaga mpaka chini, kisha liache lipoe. Kaza boliti tena baada ya hapo, zikiwa baridi. Futa misimbo ya hitilafu kwa kifaa cha kupimia. Msimbo P0420 ukirudi baada ya wiki, angalia uvujaji na hali ya sensa kabla ya kulaumu kasha. Kuna mafundi watakaokushauri kuweka kipande cha bomba chini ya sensa ya nyuma ili kuidanganya. Kataa. Sensa ile ndiyo itakayokujulisha masega yakianza kufa.

Katika matumizi, chunga mambo matatu. Usiegeshe gari lililotoka safari juu ya mabua au majani makavu ya mahindi. Kuanzia mavuno mpaka mvua za Machi mashamba yetu ni kuni tupu, na tumbo la ekzosi lina joto la kuyawasha. Pili, usiingie kwenye dimbwi refu kwa kasi. Maji ya baridi juu ya kasha jekundu hupasua keramiki. Tatu, kama umelishusha gari kwa springi fupi, linyanyue kwanza, ama sivyo tuta la kwanza litakupasulia kasha.

Kelele itapungua. Nguvu ya Subaru haikutoka kwenye kelele: Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa 12 katika Safari Rally ya 1993 akiendesha Subaru Vivio, gari dogo lenye injini isiyofika hata lita 1.

Limebaki kasha la zamani. Usimwachie welda, wala usiliuze kwa mtu anayepita na mizani barabarani. Chini ya sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 mnunuzi lazima awe na leseni, kwa hiyo muulize leseni yake, pima uzito mbele yake, na uondoke na risiti yenye jina lako. Na kwenye ganda la kasha jipya chonga nambari ya usajili wa gari, kwa sababu gereji utakayolaza gari lako mwezi ujao huenda ikawa na nondo na gunia.